Ubongo Uliokaa Nyasini

Nafundisha kompyuta katika chuo kimoja hapa Kakamega mjini, na niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mwanafunzi akiniletea kazi iliyoandikwa na mashine, na hata hakukumbuka kufuta pale mwishoni mashine inapomwambia natumaini nimekusaidia, damu hunichemka. Humrudishia karatasi yake na kumwambia amsalimie aliyeiandika. Lakini mashine yenyewe siichukii. Ningeichukiaje, na mimi nimeona ilikotoka?

Ilitoka kwenye swali moja la ajabu. Ubongo ni seli, na kila seli ni kitu kidogo mno ambacho peke yake hakijui lolote. Hakijui jina lako, hakijui kama leo ni Jumapili. Kinangoja tu kuguswa na wenzake, na kikiguswa vya kutosha nacho kinawaka, kinawagusa wengine, basi. Sasa watu wakajiuliza: tukiandika seli za kuigiza ndani ya kompyuta, tukaziunganisha kwa maelfu, je, zitafikiri? Swali hilo ndilo lililozaa, baada ya mzunguko mrefu, hizi akili bandia zinazoongea na kuchora. Lakini wako pia watu wasiotaka mashine ya kuongea. Wanataka kujua seli zenyewe zinafanyaje kazi kichwani mwetu. Mimi na walimu wenzangu wawili tulianza kuchezea programu ya namna hiyo mwaka juzi. Nasema kuchezea kwa sababu hakuna aliyetutuma.

Nakumbuka mchana ule tulipoiwasha. Kila seli ilipewa mstari wake kwenye kioo cha kompyuta, na kila ilipowaka kilitokea kitone kimoja. Vitone vikaanza, kimoja huku, kingine kule, kama manyunyu ya kwanza juu ya mabati. Tukaifundisha ruwaza moja: seli hizi ziwake pamoja, tena, na tena. Tulikuwa tumeipa kanuni moja tu, kwamba zinazowaka pamoja, kiungo kati yao kinanenepa. Halafu tukaamsha chache kati ya zile seli, chache tu, tukakaa kungoja. Zile zingine zote zikaitikia.

"Yesu wangu!" nilipiga kelele. Mwenzangu akaruka akachomoa waya ukutani, alidhani kuna kitu kimeungua.

Sikuweza kumweleza vizuri. Ile ruwaza hatukuwa tumeiandika mahali popote. Ningefungua seli moja baada ya nyingine nisingeikuta ndani ya yoyote. Ilikuwa baina yao, kwenye hewa kati ya kitu na kitu, na bado ilikumbukwa. Nilienda nyumbani siku hiyo nikiwatazama watu barabarani kama nimeshuka jana kutoka mwezini. Mama anayeuza ndizi, ana hiyo ndani. Mhudumu wa boda boda anayenitukana kwa kuvuka vibaya, naye anayo.

Lakini kulikuwa na seli nyingine sijazitaja. Si seli zote za ubongo huchochea wenzao. Ziko zinazotuliza. Zikiguswa, zenyewe huwaambia walio mbele yao, nyamazeni kidogo. Siku nyingine, kwa udadisi tu, nikapunguza nguvu za hizo za kutuliza nione itakuwaje. Vitone vikaacha kunyunyiza. Vikakusanyika. Vikawa mistari ya kusimama, kioo kizima kinawaka, kinazima, kinawaka, seli zote kwa pamoja, na hakuna hata moja iliyoweza kutoka humo. Nilijua ninachotazama kabla sijakipa jina. Nilikuwa namtazama mtoto wangu.

Binti yangu ana kifafa. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mmoja, msichana wa maneno mengi na magoti yenye makovu. Anameza dawa asubuhi na jioni, na dawa zinasaidia, lakini mara moja moja huanguka. Hutoa mlio mmoja, anaanguka, mikono na miguu inapiga, povu linamtoka, na baada ya dakika chache kunatulia. Nimemwona akianguka kanisani, sokoni, mbele ya wageni. Mtu hazoei. Lakini sikuwahi kuona ndani ya kichwa chake mpaka siku ile, na nilikaa mbele ya kompyuta nikalia, huku wenzangu wakijifanya wanatafuta kitu kwenye droo.

Mama yangu mzazi anaishi Shinyalu, karibu na msitu, kwenye shamba letu la mahindi na vishamba viwili vya chai. Binti yangu alimpenda huyo nyanya yake kuliko mimi na baba yake tukijumlishwa. Kila likizo ilikuwa ni Kukhu, Kukhu, nataka kwa Kukhu. Na mama naye alimpenda, asidanganyike mtu. Alimwekea maziwa ya mgando, alimsukia vikapu vidogo, alimsimulia mambo ya watu waliokufa kabla mimi sijazaliwa. Ila jambo moja. Mtoto akianguka, mama hakuwa anamgusa. Aliamini, kama wengi walivyolelewa kuamini, kwamba povu la mwenye kifafa likikupata nawe unakipata. Nilimwambia si kweli. Daktari alimwambia si kweli. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, "Nimesikia," na moyoni hakusikia.

Agosti ile mtoto akaangukia jikoni kwa mama, karibu na moto. Mama alikuwa peke yake naye. Alipiga kelele, hakuna aliyesikia. Basi akachukua upembo, ule mti mrefu wa kuangulia maparachichi, akaingiza ndoano yake kwenye mshipi wa sketi ya mtoto, akamvuta nayo mpaka nje ya mlango. Alimwokoa, ndiyo. Lakini mpaka ndoano ishike, mkono wa mtoto ulikuwa juu ya mafiga.

Mume wangu alipoliona lile jeraha alilifunga upya kwa mikono yake. Yeye ni mtu mpole, mimi ndiye mwenye mdomo. Kisha akasema, "Mwambie mama mtoto haendi tena huko."

"Mwambie wewe."

"Unajua siwezi."

Ni kweli hakuweza. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake ni watu wa mbali kwa heshima. Hawapeani mikono. Hawakai kiti kimoja. Akimwona njiani anakuja, anapisha. Na si yule aliyemzaa mke wake tu, hata dada za mama mkwe ni mama wakwe vilevile. Amuoe binti yao miaka mingapi, hatawahi kumgusa hata ncha ya kidole. Kumkemea ndiyo kabisa hakufikiriki. Kwa hivyo nikaenda mimi.

"Mama, baba yake amesema mtoto haji tena, labda siku ile utakayoweza kumshika akianguka."

Mama alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuinua uso. "Mimi sina chuki na mtoto," akasema. "Lakini hiyo povu hushikanga mtu. Nikiugua mimi, nani atachunga nani?"

"Mama, haishiki mtu!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

Nyumbani binti yangu aliposikia kwamba haendi kwa Kukhu, hakulia. Aliacha tu kula vizuri. Alikuwa anasukuma chakula sahanini upande huu, upande ule, na ananiuliza, "Kukhu ameuliza habari yangu?" Wiki zikapita hivyo, Septemba, Oktoba. Nilikuwa nimekasirika na kila mtu: mume wangu kwa kuwa alikuwa na haki, mama kwa kuwa alikuwa na hofu, na mimi mwenyewe kwa kuwa nina digrii mbili na siwezi kumshawishi mwanamke mmoja wa Shinyalu.

Nikabeba kompyuta yangu mpakato nikampelekea. Nikaweka juu ya meza, nikawasha zile seli. Mama akainama akatazama vitone.

"Hii ni nini? Sukari imemwagika?"

Nikamweleza. Hizi ni seli za kuigiza, kichwani mwa mtoto kuna kama hizi. Nikapunguza zile za kutuliza, mistari ikasimama. Nikamwambia, ndiyo hiyo inamwangusha, si jini, si mtu ametuma kitu, na haiambukizi, hebu ona, inaambukizaje?

Mama akatazama kwa adabu kama anavyotazama picha za harusi za watu asiowajua. Kisha akauliza, "Hii ina roho?"

"Haina."

"Mjukuu wangu ana roho. Funga hiyo kitu, unywe chai."

Nilikunywa chai. Nilirudi mjini nimekata tamaa kabisa.

Krismasi ikafika. Mume wangu alikubali twende sote kwa chakula cha mchana na kurudi siku hiyo hiyo, mtoto asitoke machoni petu. Ukoo wote ulikuwepo. Dada zangu na waume zao, mama wadogo, wajomba, wajukuu mpaka unajiuliza wametoka wapi. Tulikula ingokho na obusuma, kuku na ugali wa kwetu, mpaka watu wakafungua vifungo, kisha tukatandaza mikeka kwenye nyasi mbele ya nyumba. Binti yangu akakaa kwenye ngazi za baraza na soda yake.

Mjomba wangu mmoja, mtu wa kupenda mabishano baada ya kushiba, akaanza. Amesikia redioni kwamba kompyuta sasa zinafikiri. "Uongo mtupu," akasema. "Waya zinafikiri vipi? Kitu hakina akili, ukikusanya vingi vyake, bado hakina akili. Magunia kumi ya mawe ni mawe."

Hapo ndipo hasira zangu ziliponisaidia kwa mara ya kwanza maishani. Nikasimama. "Haya, kaeni vizuri wote. Leo nyinyi ndio ubongo."

"Ala! Mwalimu anatupa mtihani na tumeshiba," mmoja wa mama wadogo akalalamika, lakini alikuwa tayari anasogeza mkeka. Watu wetu wanapenda mchezo.

Nikawakalisha nyasini karibu karibu, kila mmoja afikie wenzake kwa mkono. Nikawapa sheria. Ukiguswa na watu wawili, au na mimi peke yangu, piga makofi mara moja, waguse wawili unaowafikia, kisha vuta pumzi moja bila kujibu mtu. Usifikiri, usichague, usicheke. Wewe ni seli, hujui kitu. Halafu nikahitaji watulizaji. Hawa hawapigi makofi. Wakiguswa, wanaweka mkono begani mwa aliye mbele yao, na aliyewekewa mkono ananyamaza hata aguswe na nani.

Nani awe mtulizaji? Nikatazama huku na huku, nikaona nimepata. Wakwe! Mkwe akiwa ukweni ni mtu mtaratibu, hacheki kwa sauti, hasemi mpaka aulizwe. Nikamchukua mume wangu na waume za dada zangu nikawatawanya katikati ya watu, kila mmoja nyuma ya vijana. Nilijiona nina akili sana.

Nikawagusa watu wachache pembeni, mchezo ukaanza. Kofi moja. Jingine. Mawili upande wa pili. Makofi yakaanza kutembea, yakafika penye mtulizaji yakafifia, yakazunguka, yakatokea nyuma ya mikeka ambapo hakuna aliyeyatarajia. Ukifumba macho ulisikia kitu kinatembea uani, kinapinda, kinasita, kinarudi. Hakuna aliyekuwa anakiongoza. Nilifumba macho mimi mwenyewe, na nywele zikanisimama. Nimesomea jambo hili miaka mingi na sikuwahi kulisikia kwa masikio.

"Sasa tunajifunza," nikasema. Nikachagua watu kadhaa waliotapakaa huku na huku, wengi wao mama na dada zake, nikawapigisha makofi pamoja. Nikaongeza sheria: ukipiga makofi wakati mmoja na mtu, msogelee, na kila ukipata zamu mguse yeye kwanza. Tukarudia. Watu wakawa wanajivuta kwa makalio nyasini, wanacheka, wanakaripiwa na mimi. Tukarudia tena. Halafu nikanyamazisha wote, nikamgusa mama mdogo mmoja na jirani yake tu.

Wakapiga makofi. Na wale wengine wote niliowachagua wakapiga, mmoja akimwamsha mwenzake, na watu wa pembeni wakabaki kimya. Ni wao, hakuna aliyezidi na hakuna aliyepungua.

Mjomba akawa na mdomo wazi. Akageuka kulia, akageuka kushoto. "Ngojeni," akasema polepole. "Ni nani amekumbuka?"

Akainuka kwenye mkeka.

"Nauliza, kati yetu ni nani amekumbuka hao watu? Wewe?" Akamnyoshea kidole mama mdogo. Mama mdogo akasema yeye hakuwa na habari, aliguswa tu. Mwingine naye aliguswa tu. Wote waliguswa tu. Mjomba akatazama zile nyasi katikati yetu kwa muda, kisha akavua kofia, mtu huyu ambaye hata kwa chifu huivua kwa shida. Nilimpenda sana dakika ile. Nilitaka kumwambia kwamba na mimi sijui ni nani. Kwamba waliosoma kunishinda nao hawajui vizuri ni wapi kuguswa tu kunageuka kuwa kukumbuka.

"Tena!" watoto wakapiga kelele. "Mwalimu, tena!"

Nikaanzisha tena, kwa furaha, bila kutazama watu wamekaaje. Na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa. Ile sheria ya kusogeleana ilikuwa imewapanga watu upya. Mama na dada zake walikuwa wamejikusanya katikati kabisa, na nyuma ya kila mmoja wao alikuwa amekaa nani? Mkwe.

Makofi yakaanza. Yakamfikia mama, akapiga, akagusa. Mume wangu akaguswa. Kazi yake ilikuwa kuweka mkono begani mwa aliye mbele yake, na aliye mbele yake alikuwa mama mkwe wake. Nilimwona akiinua mkono. Ukafika nusu ya njia ukaganda hewani. Nikatazama waume za dada zangu: mikono yote hewani, nyuso zimekunjwa kwa aibu, hakuna hata mmoja anayethubutu. Hakukuwa na mtulizaji tena.

Makofi yakashika moto. Waliopiga waliwagusa waliokuwa wametoka kupumzika, nao wakapiga, wakawagusa wa kwanza. Kwa mara mbili tatu yalikuwa fujo, kisha, Mungu wangu, yakapangana. Ua mzima ukapiga pamoja, ukavuta pumzi pamoja, ukapiga pamoja. Pa! Kimya. Pa! Kimya. Mwanzoni watu walicheka. Kisha kicheko kikaisha na makofi yakaendelea, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anaguswa na wawili, watatu, wanne, na sheria ni sheria. Mbwa akaanza kubweka. Mama alikuwa katikati kabisa, anaguswa kila upande, kilemba kimeanguka, mikono inapiga na yeye mwenyewe anaitazama kama si yake.

"Simamisheni!" akaita. "Nishikeni! Mtu anishike!"

Tulimsikia wote. Walio mbele yake walikuwa wanapiga makofi. Walio nyuma yake walikuwa wakwe. Mimi nilikuwa nimesimama nimeduwaa, kwa sababu nilikuwa naona ile mistari ya kioo cha kompyuta, imetoka imekaa kwenye nyasi za nyumbani kwetu na imevaa nguo za Krismasi.

Yalikoma yenyewe. Watu walichoka, mmoja akakosa, wawili wakakosa, likabaki kofi moja la mtoto pembeni, na huyo naye akaacha. Kukawa kimya kabisa. Na kwenye kimya hicho binti yangu akasema kutoka barazani, bila kupaza sauti, "Ndivyo huwa, Kukhu. Hivyo hivyo."

Mama akamtazama. Alikuwa anahema, jasho linamtoka. Akageuza viganja vyake juu, vilikuwa vyekundu. Kisha akaniuliza mimi, "Ni nani alikuwa anatufanya hivyo?"

"Hakuna, mama. Ni sisi wenyewe."

"Hakuna mtu ametuma?"

"Hakuna."

Akaokota kilemba chake akakikung'uta nyasi. "Nilikuwa naita na mnanitazama tu," akasema. "Sikutaka kitu kikubwa. Nilitaka mtu mmoja anishike."

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani mama ataenda pale barazani kwa mtoto, lakini aliinuka akaingia jikoni na hakutoka mpaka tunaondoka. Alituaga kwa kuinua mkono mlangoni. Njiani nilikuwa na uchungu ambao siwezi kuueleza.

"Umeona alivyosema," nikamwambia mume wangu.

"Kusema ni kusema," akajibu. Lakini tulipofika karibu na mjini akaongeza, "Tutampa siku moja na mtoto. Na sisi tuwepo."

Siku hiyo ikawa Jumamosi moja ya kupanda maharagwe, mvua ikiwa imeanza. Mume wangu alikaa upande wa barabara akizungumza na majirani, kama mkwe anavyopaswa. Mimi nilikuwa mwisho wa shamba na mifuko ya mbolea. Mama alikuwa anachimba mashimo kwa jembe, na binti yangu anamfuata kwa nyuma akidondosha mbegu. Nilikuwa nawasikia wakiongea. Mtoto anauliza, mama anajibu, mtoto anabisha. Miezi yote ile nilikuwa sijamsikia akibisha.

Kisha nikausikia ule mlio.

Nilikimbia, lakini shamba lililolimwa halikimbiliki, linakuvuta viatu. Nilimwona mama amegeuka na jembe mkononi. Alisimama. Mtoto alikuwa chini anapiga, mbegu zimemwagika, na mama amesimama tu, na mimi nikaanza kulia nikiwa bado nakimbia. Halafu jembe likaanguka. Mama akapiga magoti kwenye udongo, yeye mwenye magoti mabovu, akamgeuza mtoto ubavu, taratibu, kama nilivyomwambia mara zote zile ambazo nilidhani hakusikia. Akafungua leso kiunoni akaikunja chini ya kichwa chake. Akaweka mkono begani mwake akauacha hapo.

"Niko," alikuwa anasema nilipofika. "Niko hapa. Niko."

Povu lilikuwa kwenye mkono wake mpaka kifundoni. Sikumgusa, niliogopa kuharibu. Nikachuchumaa upande wa pili tukangoja. Mume wangu alikuwa amefika mwisho wa matuta, akasimama pale pale, hakukaribia wala hakuondoka.

Mitetemo ikapungua, ikaacha. Ndani ya kile kichwa kidogo seli zilikuwa zimechoka kama ua ule wa Krismasi, na sasa zilikuwa zinaanza kutafutana. Kila mara huwa nashangazwa na hapo kuliko kuanguka kwenyewe. Hakuna anayezipanga. Zimetawanyika zote, na zitarudi moja baada ya nyingine mpaka zimkumbuke Kukhu, na shamba, na kwamba alikuwa anabishana juu ya nini. Nimeandika programu nyingi, nazo zikivurugika mimi ndiye huziwasha upya. Huyu huwashwa na nani?

Macho yake yakafunguka. Yalizunguka, yakanipita, yakasimama kwenye uso wa nyanya yake uliokuwa juu yake karibu kabisa. Akaona ule mkono. Nilitegemea atabasamu. Badala yake akashtuka, akajaribu kujivuta nyuma, na hakuwa na nguvu.

"Toa mkono, Kukhu," akasema, ulimi bado mzito. "Toa haraka. Utashikwa na wewe."

Kumbe miaka yote ile hakuwa anangoja kushikwa. Alikuwa anaamini maneno ya Kukhu kuliko yangu, na alikuwa anamkinga.

Mama hakuutoa mkono. Kwa mkono wa pili alivuta pindo la leso chini ya kichwa cha mtoto, akamfuta mdomo, upande huu na upande ule, mpaka ukawa safi. Kisha kwa pindo lile lile, pale pale palipolowa, akafuta macho yake.